Nyumba Yenye Uso, Isiyo na Mgongo

Ukija Kharumwa ukaambiwa fulani kajenga, usianze kumpongeza hapo hapo. Zunguka kwanza nyuma ya nyumba.

Mbele utakuta plasta imenyooka, rangi mbili zimeachanishwa kwa mstari, marumaru zimepanda ukutani mpaka usawa wa dirisha, na nguzo nne nene zimebeba kibaraza ambacho ukiweka kiti kimoja mlango haufunguki. Ubavuni plasta inaishia katikati, pale ambapo macho ya mtu aliye barabarani hayafiki. Nyuma ni tofali za kuchoma ziko uchi, udongo wa viungo unamomonyoka, na dirisha la choo limezibwa kwa mfuko mtupu wa saruji. Ni mtu aliyevaa koti la suti juu ya kaptula iliyochanika, akaficha miguu chini ya meza.

Msinione mbea. Mimi ni muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi, la mtu siyo langu, na muuza saruji anajua siri za watu kuliko mchungaji. Mteja anaingia, anasalimia "mwangaluka" kwa unyenyekevu mkubwa, anavuta stuli, halafu anasema kwa sauti ya chini: "Mzee, nipigie hesabu ya mbele tu."

"Na nyuma?"

"Nyuma tutamalizia taratibu."

Hiyo taratibu naijua. Kuna nyumba hapa mtaani watoto walizaliwa nyuma ikisubiri taratibu, sasa wanakwenda shule na madaftari mkononi, na tofali bado ziko vilevile, ila sasa zimeota majani.

Ugonjwa huu una tarehe. Mwaka 2012 serikali ilipounda Mkoa wa Geita kwa kumega Mwanza, Shinyanga na Kagera, Nyang'hwale nayo ikawa wilaya, na makao makuu yake yakawekwa hapa Kharumwa. Ndiyo maana mgeni aliyeambiwa aripoti Nyang'hwale huwa anapata tabu. Akiwa mtiifu atakwenda hadi Nyang'hwale kwenyewe, ambako ni kijiji, na ataulizwa kwa upole amepotelewa na nini. Sisi wa Kharumwa tukajikuta makao makuu ya mahali pengine. Mtu aliyelala mwanakijiji akaamka mkazi wa mji wa wilaya, na shamba la mihogo la kando ya barabara likaanza kuitwa "eneo la biashara." Kuanzia hapo hakuna aliyejenga akiangalia upepo unakotoka wala jua linakozama. Kila nyumba ikageuza uso barabarani, hata ile ambayo barabara iko nyuma ya nyumba nyingine tatu.

Na sura yenyewe hatukuibuni sisi. Nimefuatilia safari yake dukani. Kijana wa Kharumwa aliiona Kahama alipokwenda kuuza mzigo. Wa Kahama aliiona Mwanza. Wa Mwanza aliiona Dar es Salaam, na wa Dar es Salaam aliiona kwenye simu, imejengwa na mtu wa nchi ambayo hakuna kumbikumbi, hakuna vumbi, wala shangazi anayekuja kukaa miezi miwili. Siku hizi ramani ya nyumba inaingia kwa WhatsApp. Fundi anaitazama, anaikuza kwa vidole, anasema "hii naiweza," na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia, kwa kuwa fundi wa namna hiyo ndiye aliyejenga nyumba ninayopanga.

Mwenye nyumba wangu ni kijana mdogo, angeweza kuwa mwanangu wa mwisho. Lakini ana duara, yaani shimo la dhahabu, huko machimboni na duara lilimtoa, kwa hiyo mimi namwita tajiri na yeye ananiita mzee, na heshima inakwenda pande zote mbili hadi mvua inyeshe. Alijenga nyumba ya paa la kufichwa. Kwa msomaji ambaye bado hajapatwa na janga hili: kuta zinapandishwa juu kupita paa, bati linalazwa humo ndani likiwa na mteremko mdogo, na ukisimama barabarani huoni bati kabisa. Unaona boksi. Maji yanatakiwa yakusanywe na gata lililofichwa huko juu, yashuke kwa bomba. Yanatakiwa. Majani mawili ya mwembe na kiota cha shorewanda vinatosha kuziba bomba hilo, na maji yakikosa njia hayarudi mbinguni. Yanashuka kwenye jipsamu, jipsamu inafura, inachora ramani ya Afrika, halafu usiku wa manane Kongo yote inakuangukia kitandani.

Nilimpigia simu asubuhi yake.

"Tajiri, paa linavuja."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia makarasha yakisaga mawe nyuma yake.

"Linaonekana kwa nje, mzee?"

Nikamwambia kwa nje halionekani, kwa sababu ndivyo lilivyojengwa. Akashukuru Mungu, akaahidi kuja.

Hajaja, lakini simu anapiga. Kila baada ya muda anasema, "Mzee, naomba uipige picha nyumba, ila simama kule barabarani." Nasimama barabarani, bodaboda wanapiga honi, napiga. Picha inakwenda machimboni, inapita mkono kwa mkono, wenzake wanamsifu. Yeye mwenyewe hajawahi kulala ndani ya nyumba hii hata usiku mmoja. Analala kwenye turubai. Mimi ndiye ninayelala ndani ya picha yake, na nalipa kodi ya miezi sita sita.

Tuliokulia huku Usukumani tunakumbuka msonge. Sitaki kuusifia kupita kiasi, ulikuwa na moshi na panya walikuwa na sauti katika maamuzi ya familia. Lakini paa la nyasi lilishuka chini sana likafanya upenu, na upenu ulikuwa chumba kizima. Kuku walijificha mvua pale, bibi alichambua dengu pale, mgeni aliyekuja kudai alikalishwa pale ili asiingie ndani. Nyumba ya paa la kufichwa haina upenu hata wa kujikinga wakati unatafuta funguo. Jua linapiga ukuta tangu asubuhi, ukuta unatunza joto kwa uaminifu, na ikifika saa mbili usiku unakurudishia lote. Dawa yake ni feni. Umeme ukikatika dawa yake ni kutoka nje, ambako, kama nilivyosema, hakuna upenu.

Mbele ya nyumba tajiri aliweka pevingi, safi, nyekundu na kijivu, kwa ajili ya gari ambalo bado hajalinunua. Mama Kulwa, mpangaji mwenzangu wa chumba cha uani, alizitazama pevingi hizo wiki nzima, kisha akaanika michembe. Viazi vimekatwa vipande vyembamba, vimetandazwa kuanzia getini hadi kwenye nguzo, vinakauka vizuri kuliko juu ya jabali. Siku niliyotumwa kupiga picha nilimwomba aondoe kidogo.

"Baba," akasema, "hayo mawe yameletwa hapa kwa kazi gani?"

"Ya gari, mama."

"Gari liko wapi?"

Nilipiga picha na michembe yake. Machimboni waliuliza ni changarawe ya aina gani ile, inauzwa wapi.

Nikija kwenye simba sijui nianzie wapi. Juu ya nguzo za geti wamekaa simba wawili wa saruji. Fundi aliyewafinyanga nadhani hajawahi kuona simba, lakini beberu anamfahamu vizuri. Mmoja ana ndevu kidevuni. Wameletwa kuonyesha kwamba hapa anaishi mtu mzito, na wezi wameshawazoea; mwaka jana waliiba taa iliyokuwa katikati yao. Geti lenyewe ni la chuma, refu kuliko twiga, na ukuta wa uzio umefika ubavuni ukasimama. Nyuma kuna minyaa, ileile ya mababu, na mbuzi wanapita.

Simba wale wananikumbusha jambo ambalo wengi wetu tumelisahau. Wasukuma walikuwa na michoro ya nyumba zamani, mizuri, ya nyoka, watu na wanyama. Wacheza nyoka wa chama cha Bayeye walichora kuta za nyumba zao za mikutano, na Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1953. Kilichonigusa ni mahali ilipochorwa. Ilikuwa kuta za ndani. Mpita njia hakuona kitu. Aliona nyumba ya udongo na akaendelea na safari zake. Ilikuwa somo la waliokubaliwa kuingia. Sisi tumegeuza: alama zote tumezitoa nje kwa ajili ya watu tusiowajua, wanaopita na mchomoko wakiwa wamebanwa saba kwenye gari la watano, wamekaliana mapajani, na wala hawana shingo ya kugeukia simba wetu.

Ingawa, tuseme kweli, kujengea macho ya mgeni si dhambi ya Kharumwa peke yake. Sultani Barghash alipojenga Beit al-Ajaib pale Unguja mwaka 1883, hakuiweka uchochoroni. Aliisimamisha mbele ya bahari, na mabaraza yake na nguzo zake za chuma, ili anayeingia na meli ajue amefika kwa nani. Tofauti ni kwamba Sultani alikuwa na bahari. Sisi tuna barabara, na barabara ina tabia ambazo bahari haina.

Tabia ya kwanza, barabara inaweza kukuita kisha ikakufukuza. Wazee watakumbuka Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Wasukuma, ambao kila mtu alikuwa na kaya yake, na ng'ombe wake, na minyaa yake, mbali kabisa na mdomo wa jirani, wakakusanywa wakapangwa mistari kando ya barabara. Marehemu bibi alikuwa na maelezo yake: alisema tulipangwa mistari ili mkubwa akipita na Land Rover atuhesabu bila kushuka. Ng'ombe hawakuelewa mistari. Baadaye wengi walirudi mashambani kimyakimya, lakini tabia ya kuishi tukisubiri Land Rover ipite nadhani ilibaki.

Halafu ikaja Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Hifadhi ya barabara kuu ikapanuliwa kutoka mita 22.5 kila upande hadi mita 30. Mita saba na nusu ni kitu kidogo ukiisoma, ila kwa mtu aliyejenga kwa ajili ya kuonekana, mita saba na nusu ndiyo nyumba yote yenye plasta. Wakaja watu na makopo ya rangi. X nyekundu ni kwamba ulijenga ndani ya hifadhi ya zamani, bomoa, hakuna fidia. X ya kijani ni kwamba sheria mpya ndiyo iliyokukuta, subiri, utalipwa. Basi siku ya kulipwa ikawa inasubiriwa barazani, na kwenye X ya kijani hupigi plasta, hujengi choo, huongezi chumba. Unakaa na nyumba yako mnatazamana.

Mteja mmoja alikuja dukani, akazungukazunguka kwenye rafu ya rangi, akauliza rangi gani inafunika X.

"Nyekundu au kijani?"

"Nyekundu."

Nikamwambia ndugu yangu, rangi ninayo, itafunika ukutani, ila ofisini kwenye faili haifiki. Akanunua kopo dogo hata hivyo. Alisema ni kwa ajili ya mahari, wageni wanakuja Jumamosi.

Tabia ya pili ya barabara ni kuhama. Miaka yote tulipokwenda Mwanza kwa njia ya Busisi tulisimama kwenye kivuko. Gari likizima injini, vibanda vilikuwa vinakutazama: samaki wa kukaanga, mayai, karanga, chai. Ule ulikuwa mji uliojengwa juu ya subira ya watu. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia akazindua daraja la Kigongo–Busisi, limepewa jina la hayati Magufuli, kilomita tatu juu ya ziwa, na sasa dereva anavuka huku anajibu simu. Silalamikii daraja, niliwahi kulala kwenye foleni ile na nyumba ya mtu mgonjwa ikinisubiri ng'ambo. Nasema tu kwamba kibanda kilichojengwa kutazama foleni kinahitaji foleni, na nguzo nne za kibaraza zinahitaji mtu wa kuzitazama. Siku lami itakapopita upande wa pili wa Kharumwa, mbele yetu itakuwa nyuma, na nyuma yetu itaonekana na dunia nzima.

Watu wa machimbo hili walishalijua zamani. Ukienda kwenye rashi ya dhahabu, iwe ya Mwakitolyo, Nyarugusu au Lwamgasa, unakuta mji unasimama kwa muda ambao sisi tungekuwa bado tunatafuta kibali. Turubai, mabanzi, na mwenye uwezo anajenga fulusuti, bati chini hadi juu. Kuna gesti, kuna kinyozi, kuna mama lishe, kuna ukumbi wa mpira. Dhahabu ikikata, misumari inang'olewa kwa uangalifu na kunyooshwa, bati linapakiwa juu ya Fuso, na mji mzima unahamia jina jingine. Nauza mabati kwa watu hawa na wana swali ambalo wenye nyumba za mjini hawaniulizi kamwe: "Likivuja naziba na nini?" Fulusuti ina joto la tanuri, sikatai, na ikipigwa na mvua huwezi kusikiana na mkeo. Lakini bati la nyuma ni geji ileile ya bati la mbele. Katika ukanda huu wote wa dhahabu ndiyo nyumba pekee niliyoiona ambayo pande zake nne zinalingana.

Kilele cha mambo yote kiko Nyamongo, kule Tarime, kwenye mgodi wa North Mara. Huko waliacha hata kumjengea mpita njia, wakamjengea mthamini. Zinaitwa tegesha. Eneo likisikika kwamba mgodi utalichukua, nyumba zinaota usiku kucha: kuta nyembamba, bati juu, mlango umeegeshwa, na kuzunguka kila nyumba miti na mazao yamebanana. Choo hakuna, kwa kuwa hakuna atakayekula humo. Mwenye tegesha anategesha, ndiyo kazi ya nyumba hiyo, na fidia ikitoka nyumba imemaliza maisha yake bila kuona hata chungu kimoja cha ugali. Watu wanazilaani, na mgodi na serikali wamekuwa wakipambana nazo miaka mingi. Mimi kila nikiliangalia lile gata letu lililofichwa najiuliza kama tajiri naye hakutegesha tu, ila yeye anasubiri kulipwa kwa sifa.

Mwaka 2022 tuliletewa anwani za makazi, kabla ya Sensa ya Agosti. Nyumba zikapewa namba, mitaa ikapata vibao. Ya kwetu ikapigiliwa ukutani mbele, pale kwenye marumaru, na tajiri akapiga simu kuuliza kama kibao hakiharibu sura. Ni jambo jema, nalisema bila kejeli, kwa kuwa sasa nina namba. Ila mwambie bodaboda namba hiyo uone. Atakuuliza, "Ni karibu na palipokuwa na karasha?" Karasha liliondoka zamani. "Au pale penye mwembe wa mzee?" Mwembe ulikatwa, na mzee tulishamzika. Mji wetu tunautafuta kwa vitu ambavyo havipo, huku vilivyopo, na simba juu, hakuna anayevitumia kuelekeza. Nilipojaribu kumwambia bodaboda anishushe kwenye simba wawili, alinipeleka mtaa wa pili. Huko nako kuna simba wawili. Wale wana meno.

Juzi tajiri kapiga tena. Duara limetema, ana furaha, anataka kuboresha nyumba. Nikakaa vizuri, nikafungua daftari, nikaandika kichwa: gata, jipsamu chumba cha mzee, plasta ya nyuma, mlango wa choo. Akasema anataka taa za rangi kuzunguka ukuta wa juu, zile zinazobadilika bluu na zambarau, ili nyumba ionekane hata usiku, na kodi itapanda kidogo kuanzia mwezi ujao kwa sababu ya hadhi.

Tajiri, najua wenzako wanakusomea safu hii huko machimboni. Saruji ya nyuma ipo dukani, nitakupa kwa bei ya jumla, na fundi wa kuzibua gata nimeshaongea naye. Anataka nusu ya pesa ya taa. Tuma leo, mvua za vuli zimeshafika Sengerema.